Uwindaji wa kwale na kanga: Risasi isiyofyatuliwa ndiyo heshima ya mwindaji

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KWALE haruki kama ndege wengine. Hujibanza nyasini hadi mguu wa mtu unapomkaribia, kisha huchomoka ghafla kwa kishindo cha mbawa na kupaa chini chini, mara nyingi kwenye kimo cha kifua au kichwa cha binadamu.

Ni katika sekunde mbili au tatu hizo ambapo mwindaji huamua mambo mawili kwa pamoja: kama atampata ndege huyo, na kama atarudi nyumbani bila kumwaga damu ya mtu.

Ajali nyingi za uwindaji wa ndege hazitokani na nia mbaya wala na ujinga wa kutumia silaha. Hutokana na jicho lililomng'ang'ania ndege hadi likasahau kila kitu kilicho nyuma yake na kandokando yake. Ndiyo maana wawindaji wakongwe husema kuwa mwenzao hupimwa kwa risasi alizozizuia, si kwa idadi ya ndege alionao mkononi.

Mfano unaokumbukwa zaidi duniani ni wa Februari 11, 2006, katika ranchi moja ya kusini mwa jimbo la Texas, Marekani. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo wakati huo, alikuwa akiwinda ndege wadogo wa jamii ya kwale pamoja na rafiki zake.

Mmoja wao, mwanasheria Harry Whittington, aliyekuwa na umri wa miaka 78, alibaki nyuma kumtafuta ndege aliyekuwa amemwangusha. Alipokuwa akirejea kuungana na wenzake, ndege mwingine aliruka. Cheney aligeuka, akamfuata kwa mtutu wa bunduki huku jua la jioni likiwa limeinama, akafyatua. Chembe za risasi zilimpata Whittington usoni, shingoni na kifuani.

Mzee huyo alilazwa hospitalini, akapata mshtuko mdogo wa moyo kutokana na chembe iliyofika karibu na moyo, lakini alipona. Alifariki dunia mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 95. Cheney mwenyewe alikiri hadharani kupitia televisheni kuwa yeye ndiye aliyefyatua.

Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba Whittington alikuwa amevaa rangi ya chungwa inayoonekana kwa mbali, kama kanuni za wawindaji zinavyotaka. Vazi halikumwokoa, kwa kuwa macho ya mwenzake yalikuwa yamemfuata ndege na hayakumtazama yeye.

Mafunzo kutoka mashamba ya Uingereza

Nchini Uingereza, kila mwaka mamilioni ya ndege waitwao feasanti, ambao ni wa jamii moja na kuku na kwale, hulelewa katika mabanda na kuachiwa mashambani na misituni ili wawindwe. Msimu wao katika England huanza Oktoba 1 na kumalizika Februari 1.

Huko wawindaji husimama katika mstari, kila mmoja mahali pake palipowekewa alama. Kundi jingine la watu hupita vichakani likipiga kelele na kugonga miti ili kuwafurusha ndege kuelekea mstari huo. Kwa maneno mengine, mbele ya mitutu ya bunduki kuna binadamu wasioonekana wanaosogea taratibu.

Hali hiyo imezaa kanuni kali. Ndege anayeruka chini hapigwi hata awe mnono kiasi gani. Mwindaji hupiga tu pale anapoiona anga tupu nyuma ya ndege. Ni mwiko kuupitisha mtutu juu ya mstari wa wenzako ukimfuata ndege anayekatiza. Filimbi ikilia, kila mmoja hunyamazisha bunduki, huifungua na kutoa risasi.

Anayekiuka kanuni hizo huambiwa aondoke, na si ajabu asialikwe tena maisha yake yote.

Wawindaji wanaotembea pamoja bila mstari wa kudumu hutumia kanuni inayofanana na hiyo. Husogea sambamba, na kila mmoja hupewa kipande chake cha anga: wa kulia hupiga kulia, wa kushoto hupiga kushoto, wa katikati hupiga mbele tu. Ndege akivuka kwenda upande wa jirani, ni wa jirani. Mtu akitaka kurudi nyuma kuokota ndege, hupaza sauti, na wenzake wote husimama hadi arejee mstarini.

Migomba inaficha watu

Kwa msomaji wa Bukoba au Muleba, kanuni hizo zinapata uzito wa pekee kutokana na sura ya nchi yenyewe. Buhaya imegawanyika katika sehemu mbili kubwa: vibanja, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na rweya, yaani nyanda za nyasi zilizo kati ya kijiji na kijiji.

Kwale hupenda mpaka wa sehemu hizo mbili. Hula nafaka na wadudu kandokando ya shamba, kisha hukimbilia nyasini anaposhtuliwa. Anaporudi upande wa pili, huingia migombani, na migomba haizuii chembe za risasi. Nyuma ya majani hayo mapana kuna nyumba, jiko la nje, watoto wanaochota maji na mzee anayepogoa mkahawa wake.

Rweya nayo si pori tupu. Kina mama huinama humo wakikata nyasi za kutandaza migombani na ndani ya nyumba, au wakipalilia njugumawe. Watoto huchunga ng'ombe. Aliyeinama kwenye nyasi ndefu haonekani, hata kama yuko hatua 40 tu kutoka alipo mwindaji.

Zaidi ya hayo, kuna senene. Msimu wa uwindaji nchini hufunguliwa Julai 1, na kufikia Novemba mvua zinaponyesha, watu hutoka alfajiri na mapema kuokota senene nyasini. Hiyo ndiyo saa ambayo kwale huita na jua huwa chini, likimpiga mwindaji machoni. Kwa hali hiyo, mwenye busara huahirisha safari yake.

Ni vyema pia kuelewa umbali. Bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe nyingi ndogo badala ya risasi moja, humwangusha ndege vizuri ndani ya mita 35 hivi. Lakini chembe zake huweza kwenda zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Risasi moja ya bunduki ndogo kabisa, ile ya .22, husafiri zaidi ya kilomita moja. Kumpiga kwale kwa bunduki ya namna hiyo akiwa juu ya tuta ni sawa na kurusha jiwe gizani sokoni.

Ruhusa kabla ya bunduki

Kabla ya kuzungumzia shabaha, mwindaji anapaswa kujiuliza kama anaruhusiwa kuwapo hapo alipo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kuwa wanyamapori wote, wakiwamo ndege, ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Hivyo basi, kwale aliyetua kibanjani kwako si wako.

Kumwinda kunahitaji leseni inayotaja aina ya ndege na idadi yake, na huwindwa katika maeneo yaliyoruhusiwa tu. Sheria hiyo pia imekataza njia kadhaa, zikiwamo sumu, mitego na kuwinda usiku. Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au ofisi za Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Silaha nayo inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali chake ni cha mtu aliyepewa, si cha ukoo wala cha marafiki.

Wakazi wa Muleba wana jambo la ziada la kukumbuka. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Mapori ya Ibanda na Rumanyika nayo yalipandishwa hadhi mwaka huo huo. Katika pori la akiba uwindaji wa leseni uliwezekana. Katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi kabisa. Anayetegemea simulizi za baba yake kuhusu Burigi anaweza kujikuta mahakamani.

Wapo pia wanaouliza kama mtu anaweza kulea kanga nyumbani, mathalani pale Buhembe, kisha akawaachia na kuwawinda kama Waingereza wanavyofanya kwa feasanti. Ufugaji wa kanga wa nyumbani umezoeleka, lakini kumkamata kanga wa porini ili kumfuga kunahitaji kibali, na Buhembe ni kata ya manispaa iliyojaa makazi. Kanga wako akihitajika kwa kitoweo, kisu kinatosha.

Mikono, macho na kinywa

Kanuni za kushika silaha ni chache na hazibadiliki. Kila bunduki ihesabiwe kuwa na risasi, hata kama umeikagua dakika moja iliyopita. Mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu usichokusudia kukipiga. Kidole kibaki nje ya kifyatulio hadi ndege awe juu na anga nyuma yake iwe wazi.

Risasi zitolewe kabla ya kuvuka mfereji, kupanda gari au pikipiki, kuingia katika nyumba ya mtu na kumpokeza mwenzako bunduki. Atakayepokea naye akague mwenyewe. Huko si kumdharau aliyempa, ndiyo adabu yenyewe.

Pombe isubiri. Rubisi ni kinywaji cha ukarimu katika Buhaya na kukikataa huweza kuonekana kama kiburi, lakini mwenyeji muungwana atakubali kukiweka hadi bunduki zimefungiwa. Aliyeonja kabla ya safari abebe mfuko wa ndege na kuiacha silaha nyumbani.

Kanga ana kishawishi chake. Hupenda kukimbia kuliko kuruka, na kundi lake likitimka ardhini mwindaji huona ni rahisi kulipiga hapo hapo. Hapo ndipo chembe hudunda juu ya mawe na kumfikia mwenzako aliye mbele. Aidha, risasi moja katika kundi hujeruhi ndege watano ili kumpata mmoja. Asubiriwe aruke, na asiporuka aachwe.

Adabu kwa wenyeji na kwa ndege

Mwindaji mgeni huanza kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji, kisha hupita kwa wenye mashamba yaliyo karibu. Salamu hiyo ina faida ya usalama: ndiyo inayomjulisha nani atakuwa nyasini siku hiyo, na inawapa wenyeji nafasi ya kuwaita watoto wao.

Ndege aliyejeruhiwa hutafutwa hadi apatikane, hata kama wengine kumi wanaruka mbele. Akipatikana hai, achinjwe mara moja. Hilo humpunguzia mateso, na pia humwezesha Mwislamu katika msafara au kijijini kushiriki kitoweo bila mashaka.

Idadi iliyoandikwa katika leseni ni ukomo, si deni linalopaswa kulipwa. Ndege usiyemtambua usimpige, kwani katika maeneo oevu ya Kagera huweza kuruka korongo mwenye taji, ambaye amo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Kwenye maeneo hayo risasi za madini ya risasi zina madhara mengine: bata wa majini huzimeza wakidhani ni changarawe, na hufa kwa sumu. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku katika maeneo oevu kuanzia mwaka 2023.

Maganda ya risasi yaokotwe yote, kwa kuwa mtoto akiliona moja atataka kujua lilikotoka. Nyama nayo igawanywe, na fungu la kwanza liende kwa mwenye shamba alilolipitia mwindaji.

Mwisho wa yote, mtu aliyetembea rweya asubuhi nzima na kurudi mikono mitupu hana cha kuaibikia. Kwale aliyepona leo ataita tena kesho alfajiri. Binadamu aliyepigwa kwa bahati mbaya hana kesho ya kuahidiwa, na aliyempiga hatalala usingizi ule ule tena. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa bunduki huja mapema kuliko wengine.