Beji za Ustadi kwa Vijana Wachezao Vitara

Mhariri wa gazeti letu ameniuliza swali, nami namjibu hapa ili wazazi nao wapate kusoma. Je, yafaa kumpa kijana beji kwa sababu amejua jambo moja la mchezo, ijapokuwa hajamshinda mtu? Nitauchukua mchezo wa vitara kuwa mfano, yaani ule wa kushindana kwa panga nyembamba zisizo na makali, maana ndani yake swali hili huonekana wazi kuliko katika mpira. Wala msidhani ni mchezo wa wageni tu. Mwaka 2024, huko Paris, Alexandra Ndolo alishindana kwa jina la Kenya, naye ndiye Mkenya wa kwanza kucheza vitara katika Michezo ya Olimpiki.

Vitara ni vya namna tatu, na vijana wengi huanzishwa kwa kile chepesi kiitwacho foili. Uzito wake haufiki gramu 500, ncha yake ni butu, na pigo la mkononi au mguuni halihesabiwi. Mchezaji huvaa koti nene, na usoni hufunikwa kwa wavu wa chuma. Katika duru ya kwanza ya mashindano watu wawili hupigania mapigo matano. Atanguliaye kuyapata ameshinda, au yule aliyezidi dakika 3 zinapokwisha.

Sasa mfikirieni mwanagenzi. Majuma mengi hana kazi ila ya miguu: magoti yamekunjwa, aenda mbele, arudi nyuma, tena mbele, na miguu isipishane hata mara moja. Mapaja yawaka moto. Halafu siku anayoruhusiwa kushindana hupangwa na mwenziwe aliyeanza mwaka mmoja kabla yake, akafungwa matano kwa sifuri. Hesabu ile yasema kweli, lakini haisemi kweli yote. Haisemi kwamba mara mbili alipangua pigo la mwenziwe vizuri kabisa, ila hakujua kurudisha lake upesi. Yeye mwenyewe hakuliona hilo. Aliona sifuri. Vijana wengi huacha mchezo hapo, nao hawakuwa wavivu.

Beji ina kazi yake mahali hapo. Yamwonyesha kijana jambo ambalo hesabu ya ushindi imelificha: jana hukuweza hili, leo waliweza.

Skauti wa Uingereza walilitambua jambo hili zamani. Baden-Powell, ambaye kaburi lake lipo Nyeri, alipokuwa mkuu wa askari wapanda farasi huko India mwishoni mwa karne ya 19, aliwapa waliofuzu upelelezi alama ya kuvaa mkononi. Baadaye, alipoanzisha uskauti, alitumia njia hiyo hiyo kwa vijana. Kabla ya vita vya 1914 ilikuwapo tayari beji ya Bingwa wa Silaha. Ili kuipata, skauti alitakiwa awe stadi katika michezo miwili, mathalani vitara na ngumi, au mieleka na kupigana kwa fimbo. Hakuulizwa amewashinda wangapi.

Lakini wako walimu wasemao kwamba beji huharibu watoto, na hoja yao si ya kudharauliwa. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitangaza jaribio walilofanya kwa watoto 51 wa shule ya chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Watoto wa kundi la kwanza waliambiwa mapema: mkichora mtapewa cheti chenye utepe. Wa kundi la pili walichora kwanza, ndipo wakapewa cheti kile kile bila kutazamia. Wa kundi la tatu hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena, kila mtoto akaachwa afanye apendavyo. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda upatao nusu tu ya muda wa wenzao.

Angalieni vizuri. Kundi la pili walipata cheti kile kile, na hamu yao haikupungua. Basi ubaya haukuwa katika karatasi wala utepe, ulikuwa katika mapatano ya “fanya hiki nikupe kile.” Mchezo uligeuka kibarua, na kibarua asipoona mshahara huweka jembe chini.

Kwa hiyo mimi nisingempa mtu beji kwa kuhudhuria mazoezi, wala nisingezitundika ukutani kuwa chambo. Ningengoja kijana mwenyewe aombe kupimwa. Beji ya kwanza ingekuwa ya salamu, ya kusimama tayari na ya miguu. Inayofuata ni ya kuchupa kwa mguu wa mbele, kugusa shabaha na kurudi bila kuyumba. Ya kupangua na kurudisha pigo ije baadaye sana, kwani ndiyo ngumu.

Baden-Powell, katika kitabu chake cha 1919 kwa ajili ya viongozi wa skauti, alishauri kwamba kipimo kiwe juhudi ya kijana kuliko ubora wa kazi yake. Nakubaliana naye, isipokuwa katika jambo moja. Avuaye wavu wa uso wakati mwenziwe bado ameinua kitara hapewi beji, hata akiwa ametoka jasho mwaka mzima. Macho ni mawili tu.

Beji niipendayo kupita zote ni ya mwamuzi. Katika foili, wawili wakigusana pamoja, pigo ni la yule aliyeanza kushambulia. Aliyeshambuliwa hana haki mpaka apangue kwanza. Mwamuzi hana budi kuyaona hayo yote kwa nukta moja, kisha atamke kwa sauti nani alianza, nani alipangua, na pigo ni la nani. Kazi hiyo haihitaji mkono wenye nguvu wala miguu mirefu. Kijana aliyefungwa matano kwa sifuri aweza kuifanya vema kuliko aliyemfunga, na akiisha kuifanya mara nyingi, huanza kuyaona mapigo ya mpinzani wake kabla hayajafika.