VIDONDA VYA KINYWANI VINAVYORUDI: TUVIFAHAMU, TUVIZUIE, TUSIVIFICHE

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha msingi ninachokikagua, Katibu alisimama kusoma taarifa ya mapato na matumizi huku amefunika kinywa kwa leso. Tarakimu zilimtoka kwa shida, nusu zikisikika na nusu zikipotea. Alipoulizwa habari za malipo ya pili ya kahawa, alijibu kwa maneno mawili akaketi. Minong'ono ikaanza: mtu anayemeza maneno bila shaka amemeza na fedha.

Nikaombwa nirudie ukaguzi. Nilikaa na vitabu vile siku mbili, na nakiri kwamba mimi pia nilikuwa na shaka. Kila shilingi ilikuwa mahali pake na kila stakabadhi ilikuwapo. Ndipo Katibu aliponivuta kando, akashusha mdomo wake wa chini, akanionyesha vidonda vitatu vyeupe. Alikuwa akivipata tangu ujanani, lakini hakuthubutu kusema kwa kuogopa kudhaniwa mambo mengine.

Mimi si mganga. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza waganga, nami nayaleta kwenu kwa kuwa jambo dogo lililofichwa nusura livunje imani ya chama kizima.

Vidonda hivi ni vipi?

Ni vidonda vidogo vya mviringo, vyeupe au vya manjano katikati, vyenye ukingo mwekundu. Hutokea katika ngozi laini ya ndani ya midomo, ndani ya mashavu, chini ya ulimi na kwenye sakafu ya kinywa. Vingi havizidi upana wa sentimita 1, navyo hupona vyenyewe kwa siku 7 hadi 14 pasipo kuacha kovu. Vichache huwa vikubwa zaidi, hukaa wiki nyingi na huweza kuacha kovu.

Yakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya watano huvipata wakati fulani wa maisha yake. Aghalabu huanza utotoni au ujanani, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Tena haviambukizi. Kikombe, kijiko au busu havimpi mtu vidonda hivi. Visichanganywe na malengelenge yatokeayo nje ya midomo, ambayo huletwa na virusi na huambukiza.

Chanzo chake

Chanzo halisi hakijulikani kikamilifu. Linalofahamika ni kwamba kinga ya mwili hushambulia ngozi ya kinywa kwa makosa, na kwamba tabia hiyo hufuata ukoo: mzazi akiwa navyo, mtoto huelekea kuwa navyo. Juu ya hayo, yapo mambo yanayoviamsha:

Kwanza, jeraha dogo: kujiuma shavu, mswaki mgumu, jino lenye ncha, au meno bandia yasiyokaa sawasawa.

Pili, uchovu, kukosa usingizi na mashaka ya moyo. Makatibu wengi wataungana nami kwamba msimu wa ununuzi na wiki za kufunga hesabu hazikosi hayo.

Tatu, baadhi ya vyakula kwa baadhi ya watu: nanasi, limau, nyanya, pilipili, karanga, chokoleti na kahawa. Wale wa Kagera, ambako kutafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa ni desturi ya ukarimu, na wachunguze kama ukavu wake hauwachubui.

Nne, upungufu wa madini ya chuma, wa foliki asidi au wa vitamini B12. Upungufu wa chuma waweza kuletwa na safura, na kwa wanawake na hedhi nzito.

Tano, baadhi ya dawa na baadhi ya maradhi ya mwili. Hata kuacha sigara huweza kuleta vidonda kwa wiki chache. Hiyo isiwe sababu ya kuirudia.

Kinga

Mkaguzi hujua chanzo cha upungufu kwa kusoma daftari, wala si kwa kubuni. Basi mwenye vidonda vinavyorudi na afungue daftari dogo lake mwenyewe. Aandike tarehe kidonda kilipoanza, mahali kilipo, alichokula siku mbili zilizotangulia, kama alijiuma au alikesha, na tarehe kidonda kilipopona. Baada ya miezi michache ataona jambo linalojirudia, naye atajua la kuepuka. Asiache vyakula vyote kwa hofu, maana kufanya hivyo kwaweza kuuongeza upungufu.

Atumie mswaki laini. Dawa nyingi za meno hutiwa kitu cha kutoa povu kiitwacho sodiamu lauri salfeti. Watu wengine hupata nafuu wakitumia isiyo nacho. Jino lenye ncha lipelekwe kwa mganga wa meno.

Kwa chakula, maharage, mchicha, maini na nyama hutupa chuma. Mboga za majani na kunde hutupa foliki asidi, mradi zisipikwe hadi kuiva kupita kiasi. Nyama, samaki, mayai na maziwa hutupa vitamini B12. Chai na kahawa zinywewe mbali na mlo, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Tunda kama pera au papai baada ya mlo husaidia chuma hicho kuingia.

Tiba

Hakuna dawa inayoving'oa visirudi kabisa. Tiba ni ya kupunguza maumivu na kuharakisha kupona. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua kisha uteme, mara tatu au nne kwa siku. Kula vyakula laini visivyo vya moto sana. Dawa ya kutuliza maumivu kama parasetamoli imezwe kwa kipimo chake. Katika duka la dawa ipo dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Vikizidi, mganga aweza kutoa dawa ya kupaka yenye steroidi.

Yapo pia ya kuepuka. Usiweke aspirini juu ya kidonda, maana huunguza. Usitie ugoro, maji ya betri wala mafuta ya taa. Usinunue vidonge vya kuua vijidudu bila kuandikiwa, kwa kuwa vidonda hivi havikuletwa na vijidudu.

Wakati wa kumwona mganga

Hapa ndipo tarehe mbili za daftari zinapofaa zaidi. Kidonda kisichopona katika wiki tatu kipelekwe hospitali bila kungoja, hata kama hakiumi. Saratani ya kinywa mara nyingi huanza kama kidonda kisichouma, chenye ukingo mgumu, au kama baka jeupe au jekundu lisilotoka. Watumiaji wa sigara, ugoro na pombe kali wawe waangalifu zaidi.

Nenda pia kama vidonda ni vikubwa au havikomi mwaka mzima, kama vinafuatana na homa, kukonda, kuharisha, macho mekundu au vidonda sehemu za siri, au kama huwezi kumeza. Vidonda vikubwa vinavyorudi mara kwa mara huweza pia kuwa dalili ya virusi vya UKIMWI. Si kila mwenye kidonda anavyo, na wengi hawana. Lakini kupima huondoa wasiwasi, na aliyeambukizwa akianza dawa mapema huishi na kufanya kazi kama wenzake. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Yule Katibu alikwenda kituo cha afya. Akapimwa damu, ikaonekana imepungua kwa sababu ya safura. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Vidonda havikwisha kabisa, lakini sasa huja kwa nadra. Katika mkutano uliofuata alikuwa nacho kimoja. Alisimama bila leso, akawaambia wanachama kwamba kinywa kinamuuma, na kwamba taarifa itasomwa na Mtunza Hazina. Ikasomwa, maswali yakaulizwa na kujibiwa, na hapana aliyenong'ona.