Maneno ya Kadi ya Majibu katika Harusi za Kilembwe

Kadi ya majibu ni karatasi ndogo inayokwenda pamoja na mwaliko wa harusi ili aliyealikwa aeleze kama atafika au hatafika, atafuatana na nani, na, pale sherehe zinapokuwa zaidi ya moja, atahudhuria ipi. Huko Kilembwe, katika sekta ya Lulenge, wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, familia inayotaka kuitumia hujikuta ikinakili kielelezo cha Kifaransa kilicho kwa mchapaji wa mjini, na kielelezo hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaojibu kwa "ndiyo" au "hapana" na kunyamaza. Mgeni wa Kilembwe hajibu hivyo. Kwa kawaida ana majibu matatu, na kadi inayompa mawili tu humsukuma aandike lisilo kweli au asiandike lolote. Ndiyo maana uchaguzi wa maneno yake unastahili uangalifu uleule ambao familia huuweka katika mahari na katika chakula.

Asili ya kadi hii ni desturi ya Ulaya na Marekani, ambako kazi ya kualika ilikuwa ya mwenye sherehe na wajibu wa kujibu ulikuwa wa mgeni. Chini ya mwaliko ziliwekwa herufi R.S.V.P., ufupisho wa maneno ya Kifaransa yenye maana ya "tafadhali ujibu", na mgeni alichukua kalamu akaandika barua fupi kwa mkono wake. Emily Post, mwandishi wa Marekani ambaye kitabu chake cha adabu kilitoka mwaka 1922, alifundisha kwamba jibu la mwaliko rasmi liandikwe katika nafsi ya tatu, kwa kurudia mpangilio wa mwaliko wenyewe, yaani Bwana na Bibi fulani wanapokea kwa furaha mwaliko wa Bwana na Bibi fulani. Baadaye, watu walipozidi kuchelewa kuandika barua hizo, wenye harusi walianza kuwapelekea wageni kadi iliyokwisha kuchapwa, pamoja na bahasha yenye stempu, ili mgeni ajaze jina na kutia alama. Katika kadi nyingi za namna hiyo mstari wa jina huanza na herufi M peke yake, ambayo mgeni huimalizia kuwa Bwana, Bibi au Binti kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Familia inayotafsiri kadi kwa Kiswahili huiacha herufi hiyo mahali pake, na mgeni hubaki akijiuliza aiandikie nini. Ni afadhali mstari uwe mtupu, kwa sababu Kilembwe mtu huitwa Baba Mchungaji, Mama Neema, Mzee, Mwalimu au Shangazi, na cheo hicho anakijua yeye na walio karibu naye.

Tofauti ya kwanza, basi, ni njia ambayo kadi inapita. Ile ya Ulaya hurudi kwa posta. Ya Kilembwe hupelekwa na kijana wa familia, na mwendesha pikipiki, na mwalimu anayekwenda mjini Fizi au Baraka, au na muumini anayekwenda mkutano wa kanisa, na mara nyingi hurudi kwa mkono huohuo. Kwa kuwa miongoni mwa wazee wamo wasiosoma, aliyeibeba ndiye atakayeisoma kwa sauti, pengine mbele ya jirani na wakwe. Maneno yanayopendeza machoni lakini yanayokwaruza sikio hayafai hapo, na orodha ya vijisanduku vya kutia alama haina maana kwa mtu anayesikiliza. Kila jibu liandikwe kuwa sentensi kamili, yenye heshima, ambayo msomaji anaweza kuitamka na mzee akaitikia, "Hilo ndilo langu, liandike."

Jambo linalofuata ni kujua mgeni anaalikwa wapi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndoa moja huweza kuwa na sherehe tatu: ya kimila, ambapo familia ya mume hukabidhi mahari kwa familia ya mke, ya serikali, ambapo ofisa wa usajili wa raia huandika ndoa katika daftari, na ya dini. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inayatambua mahari kuwa sehemu ya ndoa na kuagiza familia mbili zipatane juu yake, kwa hiyo siku ya kimila si maandalizi tu ya siku ya kanisa. Kuna ndugu ambao lazima wawepo siku ya mahari na ambao hawana sababu kubwa ya kuwepo ukumbini, na kuna wafanyakazi wenzake bwana harusi ambao hali yao ni kinyume cha hiyo. Kadi inayouliza "Utahudhuria harusi?" haijauliza kitu. Iseme wazi: mahari, nyumbani kwa familia ya bibi harusi, siku fulani; ibada, kanisani, siku fulani, saa fulani; karamu, mahali fulani. Na aliyealikwa sherehe moja aulizwe juu ya hiyo moja tu, kwa maana kumtajia zile asizoalikwa ni kumtia aibu bure.

Ugumu wenyewe, hata hivyo, uko katika jibu la kutofika. Vielelezo vya kigeni humpa mgeni sentensi mbili, "Ninakubali kwa furaha" na "Ninakataa kwa masikitiko", na ya pili haiandikiki na mtu wa Fizi aliye na akili timamu. Anayekataa mwaliko wa ndugu yake ameukataa undugu, na masikitiko yaliyoongezwa mwishoni hayaliponyi neno lililotangulia. Hivyo mgeni husema "Mungu akipenda", au "nitajaribu", au hupokea kadi kwa mikono miwili, akashukuru, na asirudishe jibu. Wanaomlaumu kwamba hana adabu hawajamwelewa, kwa kuwa amenyamaza kwa ajili ya adabu hasa. Lakini mama aliyepewa kazi ya kupima unga wa bukari, yaani ugali, na mchele, na kuamua mbuzi wachinjwe wangapi, hawezi kupika kwa kutegemea ukimya huo.

Ukristo na Uislamu, dini mbili zenye waumini katika eneo hilo, zimeligusa jambo hili la kuitikia mwaliko. Wakristo wanaufahamu mfano wa karamu kubwa katika Injili ya Luka, sura ya 14, ambamo waalikwa walitoa udhuru mmoja baada ya mwingine, huyu kwa shamba, huyu kwa ng'ombe, na huyu kwa kuwa ameoa, na mwenye karamu akakasirika. Mhubiri akishausoma, nani tena atakayeandika kwamba ana kazi shambani? Miongoni mwa Waislamu, ambao wamo Baraka tangu zamani za biashara ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wanazuoni wengi huhesabu kuitikia mwaliko wa walima, yaani karamu ya ndoa, kuwa wajibu, isipokuwa kwa mwenye udhuru wa kweli. Katika hali zote mbili udhuru una uzito, na mwenye sherehe mwenye hekima hamwombi mgeni auandike. Kadi isiache mstari wa "sababu". Ugonjwa, deni, ukosefu wa nguo ya kuvaa na hofu ya barabara ni mambo ya mtu mwenyewe, na kumtaka ayaeleze kwenye karatasi itakayosomwa na mbebaji ni kumvua heshima.

Hapo ndipo jibu la tatu linapoingia. Katika familia za Fizi, kama kwingineko Kivu, mtu asiyeweza kufika humtuma wa kumwakilisha: mtoto wa kwanza, mdogo wake, au mke wake. Huyo aliyetumwa hakai kama mgeni mdogo, bali hukaa mahali pa aliyemtuma, na husema pale ambapo mwenyewe angesema. Kielelezo cha mjini hakina nafasi ya jibu hilo, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, kwa kuwa wengi waliobanwa kati ya "ndiyo" ya uongo na "hapana" ya aibu wangeliandika kwa moyo mweupe. Maneno yanayofaa yanaweza kuwa haya:

"Familia zetu mbili zinakungoja kwa furaha. Ili tukuandalie nafasi na chakula kwa heshima inayokustahili, tunakuomba utujulishe moja kati ya haya kufikia siku ya soko, tarehe 12 Julai.

Nitafika mwenyewe, pamoja na hawa: ..........

Nitawakilishwa na: ..........

Safari hii sitaweza kufika. Nawaombea baraka, na nipo pamoja nanyi."

Jibu la mwisho limepangwa hivyo kwa makusudi. Maneno "safari hii" yanaufunga udhuru ndani ya siku moja na kuuacha undugu mzima. Dua inakuja mara moja baada ya habari ya kutofika, ili mbebaji asitue sauti mahali pabaya. Na hakuna neno la kukataa popote. Mgeni anaweza kulichagua bila kuona amemwumiza mtu, na mwenye harusi anaweza kulisoma bila kuumia, huku idadi ya sahani ikijulikana.

Mstari wa "Nitafika mwenyewe" nao unahitaji maelezo. Kuuliza "mtakuwa wangapi" huzaa namba za kukisia, kwani mtu huandika kumi kwa ukarimu, akijumlisha watoto wa jirani. Akitakiwa kuandika majina, anafikiri. Katika Tanzania kamati za harusi zimelitatua jambo hilo kwa kugawa kadi za mtu mmoja na za watu wawili, ambazo wenyewe huziita singo na dabo, na mlinzi wa mlangoni huzikagua. Chini ya kadi huchapwa "Majibu kwa", yakifuatwa na namba za simu za wanakamati. Utaratibu huo unafaa ukumbi wa Dar es Salaam uliolipiwa kwa kila kiti. Katika kijiji ambako karamu huandaliwa uani na mlango hauna mlinzi, kumwandikia mama mwenye mtoto mgongoni kwamba kadi yake ni ya mtu mmoja ni ukali usio na faida, na majina matatu au manne kwenye mstari yanatosha.

Mchango wa fedha za harusi nao ukae mbali na kadi hii. Tangu M-Pesa ya Vodacom ilipoanza nchini Kongo mwaka 2012, imekuwa rahisi kuweka namba moja ya simu chini ya mwaliko ikapokea fedha na majibu pamoja, na urahisi huo unaharibu yote mawili. Mgeni aliyetuma faranga huhesabu kwamba amekwisha kujibu, na asiye na kitu cha kutuma huona haya kupiga namba hiyohiyo kusema kwamba atakuja. Ukurasa wa mchango uwe wake, wenye mtu wake na namba yake, ugawiwe mapema kabla ya mwaliko. Kadi ya majibu isitaje fedha hata kwa fumbo, na mpokeaji wa majibu awe mtu asiyeshika daftari la michango.

Kuhusu tarehe ya mwisho, maneno kama "mapema iwezekanavyo" hayamfungi mtu. Itajwe siku, na siku bora ni ya soko, kwa sababu ndiyo ambayo watu wa vijiji vya kando huwa njiani na karatasi hupata wa kuibeba. Msimu wa mvua, ambao huanza karibu na Septemba na kuendelea hadi Mei, hulegeza barabara kiasi kwamba jibu lililoandikwa kwa wakati laweza kufika baada ya karamu, na harusi za miezi hiyo ziongezewe juma moja au mawili ya kungoja.

Wako pia walio mbali ambao kila mtu anajua hawatafika. Vita vya tangu mwaka 1996 viliwatawanya watu wa Fizi hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, iliyofunguliwa mwaka huohuo, na kutoka hapo wengi wamehamishiwa Marekani na nchi nyingine. Kumpelekea mjomba aliye Nyarugusu swali la kama atafika ni kumkumbusha mipaka asiyoweza kuivuka kwa hiari. Lakini kumwacha bila kadi ni kumfuta katika ukoo. Kwake maneno yabadilike: "Tunajua umbali uliopo kati yetu. Tunakuomba ututajie nani atakaa mahali pako siku ya mahari, na ututumie neno la baraka litakalosomwa." Hapo anaulizwa jambo ambalo jibu lake liko mikononi mwake, na ujumbe wa simu, wa maandishi au wa sauti, unatosha kabisa kuwa kadi.

Mwenye harusi naye ana neno la kurudisha. Jibu likifika, mpokeaji ajibu siku hiyohiyo kwa sentensi moja, "Tumepokea, asante, nafasi yako ipo", na kwa yule asiyeweza kufika, "Tumepokea, asante kwa baraka zako." Asipofanya hivyo, mgeni aliye mbali hana njia ya kujua kama kadi yake ilifika au ililowa mfukoni mwa mwendesha pikipiki. Aliyepitisha tarehe bila kujibu afuatwe na mjumbe aliye mkubwa kuliko yule wa kwanza, ambaye hatauliza kwa nini amenyamaza, bali ataanza na salamu kisha kusema, "Wazee wamenituma nichukue neno lako." Na kwa kuwa msiba hutangulia sherehe, na aliyeandika kwamba atafika anaweza kufiwa usiku wa kuamkia harusi, nyuma ya kadi pabaki mstari mmoja wenye namba ya simu na maneno haya: "Likitokea lolote, tujulishe saa yoyote, nasi tutakuja kwako."