Kosa la Mashine Lisikwanguliwe

Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na katika halmashauri saba za Mkoa wa Singida, kuanzia Manispaa hadi Itigi, siku za mwisho za mwezi huo ni za mkesha kwa wahasibu. Ndio msimu wa alizeti pia, na ushuru wa mazao hauna budi kuingizwa hesabuni upesi. Zamani karani aliandika mstari mmoja mmoja katika daftari la fedha. Tangu mifumo ya kompyuta kama Epicor, na baadaye MUSE, ishike kazi hiyo, faili moja likipokelewa huandika mamia ya mistari kwa mara moja, mhasibu angali anakunywa chai yake.

Kasi hiyo ni neema, lakini kosa nalo limepanda gari lile lile.

Natuchukue mfano. Faili la stakabadhi za ushuru limeingizwa mara mbili, na mistari mia mbili imezidi. Urari haulalamiki, kwani kila mstari una pande zake mbili zinazolingana. Hesabu imekaa sawa, na huku ni ya uongo. Kosa lagunduliwa siku ya tatu, taarifa ya benki inapolinganishwa na daftari. Shauri la kwanza limjialo mtu mwenye haraka ni kufuta yote, au kurudisha nakala ya hesabu ya juzi. Ni shauri baya. Katika siku hizo tatu watu wamefanya kazi: hati za malipo zimepitishwa, mzabuni wa dawa za zahanati amelipwa, na baadhi ya mistari ile imekwisha kusahihishwa kwa mkono. Anayerudisha nakala ya juzi hufuta kosa pamoja na kazi halali, na fedha iliyokwisha kutoka benki hairudi kwa sababu tu kompyuta imesahau.

Makarani wa madaftari ya karatasi walilijua jambo hili. Walikatazwa kukwangua tarakimu. Kosa lilikatwa kwa mstari mmoja wa wino, tarakimu ya zamani ikabaki kusomeka, na msahihishaji akatia sahihi yake. Kompyuta yadai adabu ile ile, ila kwa fungu zima. Kila faili liingialo lipewe namba ya fungu, ili mistari yake yote ipate kujulikana. Kisha kila mstari ujibiwe kwa mstari wa kinyume, wenye kutaja namba ya ule unaobatilishwa, na uandikwe katika mwezi ulio wazi, si katika mwezi uliokwisha kufungwa na kutolewa taarifa. Ile iliyoguswa na mkono wa mtu itengwe na kutazamwa mmoja mmoja. Na aliyeliingiza fungu asiwe ndiye anayeidhinisha kulibatilisha. Twasikia ikisemwa kwamba watumishi hawatoshi. Hiyo ni hoja ya kuomba watumishi, si ya kumpa mtu mmoja funguo zote mbili.

Taifa limekwisha kuonja uchungu wa jambo hili. Katika uhakiki wa mwaka 2017 watumishi wengi waliondolewa kwa mkupuo katika orodha ya mishahara. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza kwamba wenye elimu ya darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe, na walipwe mishahara waliyokosa. Kurudisha jina katika mashine ni kazi ya dakika chache. Lakini kila mwezi ulioruka una mshahara wake, mchango wake wa pensheni na marejesho yake ya mkopo wa benki, na hayo hayafufuki kwa kubonyeza kitufe. Yanataka kuhesabiwa mtu kwa mtu.

Uingereza walikumbwa na makubwa zaidi. Mfumo wa hesabu wa posta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na mafundi waliweza kubadili hesabu za kituo kutoka mbali bila msimamizi wake kujua. Wasimamizi zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015. Ilipofika 2024 ndipo Bunge lilipotunga sheria ya kubatilisha hukumu hizo kwa jumla.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni ya bara na ng'ambo tu. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar huwalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na zaidi, na malipo hayo hutegemea orodha. Orodha ya namna hiyo ikikatwa kimakosa, bibi wa Micheweni hatajua habari za fungu wala namba yake. Atajua tu kwamba jina lake halikuitwa. Kwa hiyo usahihishaji wa fungu haujakamilika mpaka walioguswa wametafutwa na kuarifiwa, kila mmoja.

Kabla ya tarehe 30 Juni ijayo, madiwani wa Singida, na wenzao wa Unguja na Pemba, wamwombe mweka hazina wao awaonyeshe kitu kimoja: fungu lolote lililobatilishwa mwaka huu, pamoja na mistari yake ya kinyume, tarehe zake, na sahihi mbili za watu wawili.