Ziara ya Shamba la Ngamia, Bikaner

Je, umepata kumwona ngamia? Watoto wa kaskazini mwa Kenya humwona kila siku, lakini wengi wetu tumemwona katika picha tu. Hebu tusafiri kwa mawazo hadi India, katika jimbo la Rajasthan, penye jangwa la Thar. Karibu na mji wa Bikaner, mahali paitwapo Jorbeer, serikali ya India ilianzisha mwaka 1984 kituo cha kuzalisha na kuchunguza ngamia. Wageni hukifika alasiri. Huo ndio wakati mzuri, kwa sababu makundi hurejea kutoka malishoni.

Simama kando ya ua, uwatazame wanavyoingia. Wote wana nundu moja, lakini si wa aina moja. Bikaneri ni mkubwa, mwenye nguvu za kubeba na kukokota mizigo. Jaisalmeri ni mwembamba, mwenye miguu mirefu, naye hupendwa kwa kupandwa. Kachchhi husifiwa kwa maziwa. Wataalamu huchagua kwa uangalifu madume na majike ya kuzalisha. Kazi hiyo yahitaji subira, kwani ngamia huchukua mimba kwa muda wa miezi 13 hivi, naye huzaa ndama mmoja, aitwaye nirigi.

Huenda umeambiwa kwamba nunduni mna maji. Sivyo. Mna mafuta, ambayo ni akiba ya chakula. Njaa ikizidi, nundu hunywea. Tena ni faida kwamba mafuta hayo yamekusanyika mahali pamoja: kama yangetandazwa chini ya ngozi yote, yangekuwa kama blanketi, na joto la mwili lisingetoka kwa urahisi.

Basi ngamia hustahimilije kiu? Katika miaka ya 1950 mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen aliwapima ngamia katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Aliona kwamba ngamia aliyenyimwa maji huwa na joto la nyuzi 34 hivi alfajiri, nalo hupanda hadi kupita nyuzi 40 mchana. Wewe ukifikia kiasi hicho, hupelekwa hospitali! Ngamia hatoi jasho upesi. Huliacha joto lipande, kisha hulitoa usiku, hewa inapokuwa baridi. Kwa njia hiyo mnyama mkubwa huweza kuokoa lita 4 au 5 za maji kwa siku moja.

Pua nayo husaidia. Usiku, pumzi itokayo mapafuni hupoa inapopita puani, na sehemu ya mvuke wake hubaki humo. Tena, chembe nyekundu za damu ya ngamia zina umbo la yai. Hupita hata damu ikiwa nzito kwa ukosefu wa maji, wala hazipasuki upesi anapokunywa maji mengi kwa mara moja. Ngamia mwenye kiu kali huweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika 10 hivi.

Kabla ya kuondoka, wageni huweza kuonja maziwa ya ngamia, au aiskrimu iliyotengenezwa kwayo. Biashara hiyo si mchezo. Zamani ngamia wa Rajasthan alilima na kukokota mikokoteni, mingine ikiwa na magurudumu ya ndege kuukuu. Siku hizi matrekta na malori yamechukua kazi yake, na malisho yamepungua. Mwaka 2012 India ilikuwa na ngamia 400,000 hivi. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha 250,000 tu. Mwaka 2015 jimbo la Rajasthan lilitunga sheria ya kukataza kuwachinja na kuwatoa nje ya jimbo ili wachinjwe. Lakini sheria haimlishi mfugaji. Wafugaji wengi walilalamika kwamba wamekosa wanunuzi. Ndiyo sababu kituo kinatafuta njia za kumpatia mfugaji fedha kwa maziwa, sufu na ngozi.

Jaribio

Chukua kioo kikavu asubuhi, kungali baridi. Kiweke karibu na pua, upumue mara tatu. Umeona nini juu ya kioo? Maji hayo yametoka wapi? Sasa mweleze mwenzako jinsi pua ya ngamia inavyofanana na kioo hicho.