Zana na Mafunzo ya Msafishaji wa Makochi Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, huwa na kiangazi kirefu kinachoanza takriban mwezi wa Mei, na katika miezi hiyo vumbi jekundu la barabara zisizo na lami hupenya madirishani na kujikita ndani ya vitambaa vya makochi na fotei. Vumbi hilo si la kudharauliwa, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kwamba wakazi wa Katanga, eneo ulipo mji huu, walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini, hasa watoto, walikuwa na kiasi kikubwa cha kobalti katika mkojo wao.

Kwa hiyo zana ya kwanza kununuliwa ni aspirateri, yaani mashine ya kufyonza vumbi, yenye kichujio cha hepa, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikroni 0.3, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Kochi likilowanishwa kabla ya kufyonzwa, vumbi hugeuka tope ambalo hakuna sabuni itakayoling'oa kwa urahisi.

Mashine ya pili hunyunyiza maji yenye dawa na kuyafyonza papo hapo. Wanunuzi wengi huvutiwa na ile inayochemsha maji yenyewe, ilhali kipasha moto cha wati 2,000 na mota ya wati 1,200, vikiwashwa pamoja kwenye umeme wa volti 220, huhitaji karibu ampea 15, mzigo ambao nyaya za nyumba nyingi haziuhimili. Nguvu ya kufyonza ina manufaa zaidi kuliko joto.

Hata hivyo, mashine nzuri mikononi mwa asiyejua nyuzi ni hatari. Fundi aliyefunzwa huchomoa uzi mahali palipofichika na kuuchoma: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, pamba hunuka kama karatasi, na poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Sufu huharibiwa na alikali kali, nayo sabuni ya unga ya kufulia aghalabu ina alikali nyingi. Mahameli ya viskosi hudhoofika ikilowa. Maarifa haya ndiyo kiini cha kozi za vitambaa za IICRC, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1972. Kwa upande wa umeme, Kongo yenyewe ina INPP, taasisi ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964 na yenye kituo Lubumbashi.

Masika yakiingia, unyevu wa hewa huchelewesha ukaukaji, na pamba inayokaa majimaji muda mrefu hutoa madoa ya kahawia. Hapo feni ya kukaushia, ambayo wengi huiona anasa, hulipa gharama yake.