Fahali Wakipigana Angani

Wanachama wenzangu, huenda mkajiuliza: vita vya angani vinamhusu nini mtoto wa Kitengela? Vinamhusu sana.

Kwanza tuelewe udhaifu wa setilaiti. Zile zilizo karibu na dunia hukimbia takriban kilomita 7.5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka hapa Kitengela ukafika Kajiado kabla ya kuhesabu kumi! Hata hivyo, haziwezi kujificha. Kila moja ina njia yake, kama matatu ya barabara ya Namanga, na adui hupiga hesabu akajua itapita wapi na saa ngapi. Tena umbo lake ni jepesi. Kombora halihitaji hata kulipuka. Kugongana tu kwatosha.

Mnamo Januari 2007, Uchina iliivunja setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C. Vipande zaidi ya 3,000 vikatawanyika. Novemba 2021, Urusi nayo ikaivunja Kosmos 1408. Marekani na India pia zimewahi kuvunja zao. Vipande hivyo havichagui rafiki wala adui; vyaweza kugonga setilaiti ya yeyote.

Sasa turudi nyumbani. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame hutumia picha za setilaiti kupima malisho ya Kajiado, ili wafugaji waonywe mapema. Picha zikikosekana, onyo litachelewa, na ng'ombe hawasubiri.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Safari hii, wenzangu, nyasi zenyewe ni za ng'ombe wetu.